Gari lilikuwa linakwenda hata hivyo

Shikamoo Anti,

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Kimara, Dar es Salaam, na kwetu ni Marangu. Unatujua watu wa Kilimanjaro: Desemba ikifika lazima twende nyumbani, na nyie wengine mnatutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Haya, Desemba iliyopita nami nilikwenda kuhesabiwa, nikawabeba na wenzangu wa kuhesabiwa, na balaa langu lilianzia hapo.

Nina Noah ya viti vinane niliyoinunua kwa mkopo wa kazini. Nilipanga twende wanne tu: mimi, mke wangu na watoto. Mwanzoni mwa Desemba simu zikaanza. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa mjini kwa matibabu ya macho na alitaka kurudi kwake. Mdogo wangu mwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo akasema tiketi za mabasi zimekwisha, zilizobaki zinauzwa kwa kulangua. Binti wa mama mdogo anayesoma chuo akaomba nafasi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema tumshushe kwao Machame "kwa kuwa mko huko huko". Anti, Marangu na Machame si huko huko. Viti vikajaa. Habari ya hela sikuitaja kwa yeyote. Niliamini watu wazima wanajua kwamba gari haliendi kwa maji.

Tuliondoka saa kumi usiku. Juu kwenye keria kulikuwa na mabegi, magunia mawili ya mchele ya shangazi na televisheni ya mdogo wangu. Kutoka Kimara hadi Himo hakuna aliyeuliza mafuta yamejazwa na nani. Korogwe mdogo wangu alishuka akanunua soda, ya kwake. Mbele ya Same trafiki walinipiga tochi nikiwa 68 kwenye eneo la 50, faini 30,000, na gari zima likanyamaza kama limefiwa. Siku mbili baadaye tukampeleka shemeji Machame, tukalala ukweni usiku mmoja. Baada ya mwaka mpya nikamfuata tena peke yangu. Tarehe 3 Januari tukarudi Dar tukiwa saba, shangazi amebaki kwake, nyuma tumejaza mikungu mitatu ya ndizi na debe la maharage aliyotufungia.

Nilipofika nikakaa chini na kalamu. Mafuta yote, pamoja na mizunguko ya kijijini, 430,000. Sevisi niliyofanya kabla ya safari 150,000. Tairi jipya 160,000, maana la nyuma lilipasuka Mkata wakati wa kurudi. Faini 30,000. Jumla 770,000. Nikagawa kwa watu wanane ikaja 96,250. Nikaona niwe muungwana, nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba kila niliyempa lifti anitumie 90,000 kabla ya mwisho wa mwezi, nikaweka na namba ya simu ya kutumia.

Moto uliowaka sijauona tangu nizaliwe. Mdogo wangu aliandika: "Gari lilikuwa linakwenda hata hivyo. Tungekuwepo tusingekuwepo, ungejaza mafuta yale yale." Akaongeza kwamba nauli ya basi ni 40,000, kwa hiyo kwa hela ninayotaka angekwenda na kurudi kwenye kiyoyozi na kubaki na chenji. Shemeji hakujibu kwenye grupu, alimpigia dada yake, na mke wangu hakusema nami siku mbili. Binti wa chuo alijitoa kwenye grupu. Shangazi ana simu ya tochi lakini kuna mtu alimsomea. Mama akanipigia usiku: "Tangu lini damu inalipa nauli?"

Sijapata hata shilingi mpaka leo. Sasa Desemba nyingine hii hapa, na mdogo wangu ameshanitumia ujumbe: "Bro, mwaka huu tunatoka tarehe ngapi?" Kana kwamba hakuna lililotokea! Nimefikiria niwaambie ndugu kwamba gari ni bovu, halafu niweke tangazo kwenye status: viti vinne vya Moshi, 45,000 kila kimoja. Watapanda watu nisiowajua, watalipa bila maneno. Mwenzangu kazini anafanya hivyo kila sikukuu. Au niliache gari nyumbani tupande basi kama watu wengine?

Nilikosea wapi, Anti?

Dereva wa Ukoo, Kimara

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye ile soda ya Korogwe. Mara ya pili nilichukua kalamu na mimi, kwa sababu barabara hiyo naijua. Nimekulia Mombo, utoto wangu nimeumalizia nikikimbilia madirisha ya mabasi na beseni la plamu na pea za Lushoto, na baadaye nikaolewa na mwanamume aliyeendesha lori Dar na Arusha kwa miaka kumi na tisa. Mezani kwetu hesabu ya mafuta ilizungumzwa kila siku, kama watu wengine wanavyozungumza mpira.

Tuanze na mdogo wako, maana sentensi yake ndiyo imekuumiza kuliko zote. Gari lilikuwa linakwenda hata hivyo. Ni kweli. Lingekwenda. Watu wanne wazima, magunia mawili na televisheni vinaongeza unywaji wa mafuta, hasa Noah inapopanda kutoka Himo kwenda Marangu, lakini haviongezi maradufu. Kwa hiyo ukimwambia "umenimalizia mafuta" atakushinda, na alikushinda.

Ila nusu ya pili hakuisema. Yeye naye alikuwa anakwenda hata hivyo. Asingepata kiti chako angelipa basi 40,000 kwenda na 40,000 kurudi, tena kama angebahatika kupata tiketi, na yeye mwenyewe alikwambia zimekwisha. Kiti chako kilimwokolea 80,000. Wewe kumbeba kulikugharimu kidogo tu, yeye kubebwa kulimfaa sana, na hapo katikati kuna nafasi kubwa ya ndugu wawili kukutana. Wewe uliweka bei yako juu ya nauli ya basi, yeye akaweka yake kwenye sifuri. Wote wawili mmeikosa.

Sasa tufanye hesabu ulivyotakiwa kuifanya, na tuifanye mapema. Sijui lita ulinunua kwa bei gani hasa, lakini nikichukua 3,000 kwa urahisi, 430,000 ni lita 143 na ushee. Noah iliyobeba mzigo nikiipa kilomita 10 kwa lita, hizo ni kilomita 1,430. Kimara hadi Marangu ni kama kilomita 540, kwenda na kurudi 1,080. Himo hadi Machame, unapita Moshi mjini halafu unakata kupanda mlima, ni kama kilomita 50. Ulikwenda mara mbili na kurudi mara mbili, hizo 200. Zinazobaki 150 ni za kwako kule kijijini: kanisani, harusini, kwa rafiki wa sekondari, kufuata mbege ya mzee fulani.

Umeona kilichojificha? Mafuta ya barabara kuu, yale ambayo kweli mlipanda pamoja, ni lita 108, yaani 324,000. Siyo 770,000.

Zile kilomita 150 za kijijini zifute, ni starehe zako. Za Machame tuzipasue. Safari ya kwanza mlikwenda ukweni, mkalala, mkeo akawaona wazazi wake. Hiyo ni safari ya nyumba yako, shemeji alipanda tu. Safari ya pili ulimfuata yeye peke yake. Kilomita 100, lita 10, shilingi 30,000, ambazo zisingechomwa kama asingekuwepo. Hiyo kwa haki ni ya kwake, na ningekuwa wewe ningemwambia mapema: "Shemeji, siku ya kurudi tukutane Himo." Kuna gari za Machame kwenda Moshi na za Moshi kwenda Himo. Hakuna aliyesema lazima dereva amfuate abiria hadi mlangoni kwa mama yake.

Zibaki 324,000. Mume wangu alikuwa na kanuni moja, na mpaka leo sijaona ya kuishinda: mwenye gari na nyumba yake wanabeba nusu, wanaopanda wanagawana nusu. Kwa nini nusu? Kwa sababu wewe ndiye unayechagua saa ya kutoka, wewe ndiye una gari la kuzungukia ukifika, na nyumba yako imechukua viti vinne kati ya vinane. Kila upande wa safari ni 162,000, kwa hiyo nusu yao ni 81,000. Kwenda walikuwa wanne, inakuja 20,000 na vijishilingi. Kurudi walikuwa watatu, 27,000. Chukua 20,000 kwenda na 25,000 kurudi. Aliyekwenda na kurudi, 45,000. Ni zaidi kidogo ya nusu ya nauli ya basi, na anashukia sebuleni kwake.

Ungemwandikia mdogo wako 45,000 tarehe 5 Desemba angejibu "poa bro" na kidole gumba. Ulimwandikia 90,000 tarehe 3 Januari, mwezi ambao Tanzania nzima inatafuta ada za shule. Hata malaika wangejitoa kwenye grupu.

Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Kuomba hela ya mafuta hukukosea hata kidogo. Bei ya safari inasemwa gari likiwa limezimwa. Ukishafika, mtu hawezi tena kuchagua, na mtu aliyenyimwa kuchagua anaona amevamiwa, hata kama hela ni halali yako. Ulinyamaza kwa sababu ya aibu, ukaendesha na hasira kilomita 540, hasira ikazaa mikoani, ikarudi Dar imeota meno. Ile soda ya Korogwe umeikumbuka miezi kumi na moja! Kitu cha shilingi elfu moja kimekukaa moyoni kuliko tairi.

Na tukizungumzia tairi. Litoe kwenye hesabu. Toa na sevisi. Tairi hilo lilipasuka Mkata lakini limeliwa na Kimara, mwaka mzima wa foleni ya Morogoro Road na mashimo ya mtaani kwenu. Ulilipeleka kazini siku mia mbili, shangazi kalikalia siku moja. Oili uliyomwaga ungeimwaga tu. Kuna watu watakwambia gari linachakaa na uchakavu una bei, ni kweli, lakini ukianza kuwalipisha ndugu uchakavu wataanza kukuuliza gari likiuzwa watapata mgao gani.

Faini ndiyo iliyonitia aibu kwa niaba yako. Mguu uliokuwa kwenye mafuta ni wa nani? Abiria hawakushika usukani. 30,000 ile ni ya kwako mpaka siku ya kiyama.

Sasa shangazi. Alikwenda upande mmoja tu, ukamdai 90,000, mara mbili na zaidi ya basi. Tuseme ni haraka ya kugawa, sitaki kuamini uliiona ukaiacha. Lakini hata hizo 20,000 za haki nisingemdai. Wewe mwenyewe umeniandikia, bila kujua unajishtaki, kwamba ulirudi na mikungu mitatu ya ndizi na debe la maharage. Aliyefunga huo mzigo ni nani? Nenda sokoni Mabibo ukaulize bei ya mkungu mmoja wa ndizi za kupika mwezi Januari, na debe la maharage. Shangazi alilipa mafuta, mwanangu. Alilipa zaidi ya wote. Wewe uliyala mpaka Februari, halafu ukamdai kwenye grupu ambalo hata hayumo.

Binti wa chuo naye hana kipato. Mwambie atoe 20,000 kwa safari nzima, au aoshe gari ndani na nje kabla na baada, na akae nyuma na watoto wako awasimulie hadithi kutoka Chalinze hadi Segera. Nimesafiri na watoto barabara ile. Hiyo kazi ina thamani kuliko 45,000.

Ukijumlisha kwa mtindo huu unapata 45,000 za mdogo wako, 45,000 za shemeji na labda 15,000 juu kwa ajili ya Machame (nusu msamehe, ni kaka wa mkeo na utalala kwao tena), na 20,000 za binti. Ni 125,000. Najua ulikuwa umeota 360,000. Lakini hizo ni lita 41, zinakutoa Marangu, zinakuvusha mto Wami, zinakufikisha kama Msata. Kutoka hapo hadi Kimara unajitegemea.

Na kabla hujaniambia ni kidogo, angalia jambo ambalo hukuliangalia: nyumba yako peke yake, watu wanne kwa basi, kwenda na kurudi, ni 320,000. Mafuta ya barabara kuu 324,000. Yaani hata bila ndugu hata mmoja, gari lilikugharimu sawa na basi, na ukawa na gari la kuzungukia. Hukupata hasara ile Januari. Ulikosa tu msaada uliostahili. Ndiyo maana wazo lako la kuliacha gari na kupanda basi silioni lina faida gani, labda kama umechoka kuendesha.

Hilo la status, hapana.

Nalisema kwa ukali kwa sababu umeliandika kama jambo dogo. Ndugu akichangia mafuta ni mchango. Ukitangaza viti vinne kwa 45,000 kwa watu usiowajua, umeanza biashara ya kubeba abiria, na biashara hiyo ina leseni, inayotolewa na LATRA, hao hao wanaopanga nauli za mabasi. Gari lako lina namba za njano, za binafsi. Desemba ndiyo mwezi ambao askari wanaangalia Noah za namba za njano zilizojaa watu wasiofanana. Wataulizwa mmoja mmoja "dereva ni nani yako?" na wa kiti cha nyuma atasema "tumekutana Ubungo".

Lakini faini ndiyo nafuu. Bima yako, iwe ndogo au kubwa, imeandikwa kwa matumizi binafsi. Toa karatasi zake leo usome panapotaja kubeba watu kwa malipo. Ikitokea ajali na ikajulikana abiria walilipa nauli, kampuni imepata mlango wa kutokea, na wewe utabaki na hospitali za watu wanne ambao hata majina yao kamili huyajui. Mwenzako wa kazini hajafanya jambo salama, amekuwa na bahati. Tena huyo abiria asiye na maneno unayemwota hayupo. Atakuja na mabegi matatu, atataka kushuka Mwanga, atabishana chenji.

Basi mwaka huu fanya hivi. Kila mmoja mwandikie peke yake, si kwenye grupu. Maneno yawe machache na namba iwe ndani. Mdogo wako ameshakuuliza tarehe, mlango ameufungua mwenyewe, mjibu: "Tunatoka tarehe 21 saa kumi usiku. Mafuta mwaka huu nimeweka 45,000 kwa mtu, kwenda na kurudi. Nitumie kabla ya tarehe 15 nijue viti. Ukiona imebana niambie tuongee." Usieleze zaidi ya hapo. Ukianza kueleza bei ya tairi umeharibu. Akikaa kimya mpaka tarehe 15, kiti kiko wazi, na hilo nalo ulishamwambia.

Kama bado unaona haya kupokea hela ya ndugu mkononi, tumia ujanja wa madereva wa zamani: gawa vituo, usigawe hela. Mdogo wako umwambie, "Wewe ongezea 45,000 kwenye pampu ya Kimara." Shemeji umwambie, "Wewe utatujazia Himo siku ya kurudi." Sijui kwa nini, lakini mtu anayeona uchungu kukutumia 45,000 kwa simu anatoa noti haraka pampu ikishaanza kuhesabu na mhudumu wa sheli anamwangalia. Risiti ya mashine achukue yeye. Hakuna atakayesema ulikula hela.

Risiti zako nawe zitunze. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, na ukijaza tena mpaka ikate, andika tena. Gawa kilomita kwa lita. Utajua Noah yako inakwenda kilomita ngapi kwa lita, siyo 10 yangu ya kukisia, na mwaka mwingine utagawa kwa namba ya kweli.

Halafu punguza chenyewe kinachogawanywa. Upepo wa tairi upime asubuhi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na ujue kwamba kipimo cha gari lililojaa si cha gari tupu. Televisheni ikae ndani, kwenye keria iende mizigo michache tu, imelazwa chini na kufungwa turubai, maana kinachosimama juu ya paa kinavuta upepo kama tanga la jahazi. Na mguu, mguu wenyewe. Ukitoka 80 kwenda 110 upepo unaolisukuma gari nyuma unakaribia mara mbili. Marehemu mume wangu alikuwa akisema spidi inalipiwa mara mbili, kwenye sheli na kwa trafiki. Wewe umelipa kote. Kwenye vijiji vya 50 nenda 50 moja kwa moja bila kukanyaga na kuachia, kuanzia Mombo kwetu hadi Mwanga; utafika umechelewa dakika chache na mafuta yamebaki.

Bei za mafuta EWURA wanazitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una kikomo chake. Linganisha Dar na Moshi kabla hujatoka. Mara nyingi Dar ndiko nafuu, kwa hiyo toka tangi likiwa limejaa. Kuna fundi atakushauri ufunge mtungi wa gesi. Kwa mizunguko yako ya Kimara na Posta huenda ni busara, lakini vituo vingi vya gesi viko Dar na Pwani, barabara ya kaskazini utaimaliza kwa petroli ile ile. Na mtungi utakaa pale zinapokaa ndizi.

Mama yako amekuuliza tangu lini damu inalipa nauli. Usibishane naye. Mwambie nauli hujamdai mtu, umeomba mchango wa mafuta, na Marangu yote inajua michango: ya harusi, ya msiba, ya kipaimara. Hakuna harusi ya kwenu inayofanyika bila kikao na daftari. Safari yako ilikosa kikao tu.

Kwenye grupu andika mstari mmoja, kwamba yale madai ya Januari umeyafuta na hesabu ilikuwa na makosa. Mstari mmoja, usipambe. Binti wa chuo, muombe mtu amrudishe. Mkeo muoneshe hesabu hii kabla hujamwandikia kaka yake, amwandikie yeye.

Shangazi usimtumie ujumbe wala usimtume mtu. Mpigie kwa sauti yako, leo, kabla ya saa mbili usiku, maana huko juu wazee wanalala mapema. Muulize macho yanaendeleaje, muombe radhi, na muulize mwaka huu anahitaji mchele kilo ngapi.